Masizi ya Mzee Nyagawa

Ndugu zangu, kule Njombe baridi haina adabu. Nyumba nyingi zina jiko la kuni ukutani, palepale sebuleni, na dohani ya kutolea moshi juu ya paa. Sasa kulikuwa na mzee mmoja, tumwite Nyagawa, ambaye dohani yake ilikuwa imeziba kwa masizi. Akiwasha moto, moshi unarudi ndani. Kuta zikawa nyeusi. Mnajua alifanya nini? Alinunua rangi nyeupe.

Mkewe akamwambia, "Baba Tulizo, kilichoziba ni dohani. Panda uisafishe."

"Mama Tulizo, dohani iko juu ya paa. Nani anaiangalia? Wageni wanaangalia ukuta."

Wageni wenyewe walikuwa wanakuja kumposa Tulizo. Siku ikafika, ukuta unang'aa, mzee yuko ndani ya suti. Wageni na mshenga wao wakakaa wima kama wanaopigwa picha ya pasipoti, hakuna anayethubutu kuegemea. Maongezi hayaendi. Baridi ikazidi, moto ukawashwa. Baada ya dakika tano sebule nzima inafuta machozi. Jirani akachungulia, akavua kofia, akauliza kwa upole, "Poleni sana. Marehemu ni nani?"

Mzee aliinuka. Alizima moto, akaegemeza ngazi, akapanda na suti yake. Akafunga matawi kwenye kamba pamoja na jiwe, akayashusha ndani ya dohani, akasugua. Masizi yakamwagika sebuleni kama gunia limepasuka, kwenye kuta mpya na juu ya kichwa cha mshenga.

Mzee aliposhuka alikuwa mweusi tii, yamebaki macho tu. Akasimama mlangoni. "Nisameheni. Nilipaka ukuta ili msijue."

Ungekuwa wewe mshenga, ungesema nini?

Mshenga alijipangusa uso, akaegemea ukuta kwa mara ya kwanza. "Mzee, hata kwetu dohani imeziba, mwaka wa pili huu. Tulipouona ukuta wako tulikonyezana tuage. Tulisema binti wa nyumba hii atatudharau. Sasa tuleteeni chai, tuongee."

Ndugu zangu, sisi tunadhani dhambi zetu ndizo zinazofukuza watu kanisani. Je, rangi tunayojipaka? Kuna mtu anapita hapo nje kila Jumapili, anatuona tulivyonyooka, anasema, "Pale si pa mtu kama mimi." Anaenda zake. Nani kamfukuza?

Basi wiki hii tupande, kila mtu kwenye dohani yake, asitume mtu. Na tukishuka, tusikimbilie kuoga kabla jirani hajatuona.