Juu ya Nani?

Fundi alipomaliza kufunga kitanda cha dabodeka katika chumba chao kidogo, Mbwiga, kaka mtu, alikunja ngumi. "Juu ni kwangu! Kadudu kama wewe kalale chini."

Siwema, mwenye miaka saba, alitabasamu. "Haki yako, kaka. Lakini mwamuzi ni Mama. Ukimsikia tu anauliza 'juu ya nani?', wahi kujibu 'juu yangu!' Ukichelewa, nakuwahi mimi."

Mbwiga akasimama mlangoni, masikio kayatega.

Mama, kama kawaida yake baada ya kupakua, akaita kutoka jikoni: "Kusugua masufuria leo ni juu ya nani?"

"Juu yangu! Juu yangu!"

Alipotoka jikoni na masizi hadi puani, alimkuta Siwema kajinyoosha kwenye kitanda cha juu.

"Masufuria yalikuwa juu yako, kaka," alisema akipiga mwayo. "Usingizi ndio juu yangu."