Wakili Nyani na Kesi ya Mzee Pimbi

Hodi, wasikilizaji.

— Karibu.

Nimekuja na ngano.

— Ya kweli au ya uongo?

Imechanganyika, kama mchele na mawe yake.

— Mimina, tutachambua wenyewe.

Basi hapo kale, katika bonde moja lenye jabali kubwa, waliishi Mzee Pimbi na mkewe, Bi Mize. Pimbi mnamjua: mnyama mdogo, hana mkia, makazi yake pangoni. Kando ya pango lao palikuwa na chemchemi. Maji yalidondoka tiri, tiri, tiri, masika na kiangazi, na bonde zima lilikuja kuchota. Mzee Pimbi ndiye aliyekuwa mlinzi wake. Hakumnyima mtu maji.

Mle bondeni alikuwako pia Kiboko. Kiboko aliutaka ukuu wa bonde, na akishaupata aichukue chemchemi ile, alale ndani yake peke yake. Sasa, kulikuwa na sheria kwamba mwenye kesi barazani hachaguliwi kuwa mkuu mpaka kesi yake iishe. Sheria yenyewe ilikuwa nzuri. Ila Kiboko alikuwa na wakili, na wakili huyo alikuwa Nyani.

Nyani alivaa joho jeusi, na kifua chake kilikuwa kipana kama mlango. Kila aliyetajwa kugombea, Nyani alimshtaki. Nungunungu akatajwa, Nyani akamshtaki kwa kutembea na silaha. Korongo akatajwa, Nyani akamshtaki kwa kusimama mguu mmoja, kwamba anaidharau ardhi. Kobe akatajwa; Nyani akamshtaki kwa kujenga nyumba bila kibali na kutembea nayo. Wote wakaondolewa. Kesi zenyewe hazikusikilizwa. Zililala tu, na kazi yake ilikuwa ndiyo hiyo, kulala. Kwa kila kesi Kiboko alimpa wakili wake mkungu wa ndizi.

Mara mbili Baraza la Mawakili lilimwita Nyani kumhoji. Mara ya kwanza lilimkanya. Mara ya pili lilimvua joho msimu mzima wa mvua, kisha likamrudishia. Aliponea neno moja tu. Kila alipoulizwa kama aliyaona hayo anayowashtakia watu, aliinamisha kichwa na kusema, "Niliambiwa, waheshimiwa." Basi Hakimu Kulungu, mkubwa wa baraza hilo, akamwambia kwa upole kwamba siku atakayokutwa ameapa uongo kwa kinywa chake mwenyewe, joho litavuliwa na halitarudi.

Tena Nyani alikuwa na tabia nyingine. Aliyemsalimia asubuhi alishtakiwa kwa kumchelewesha kazini. Aliyempa pole ya mafua alishtakiwa kwa kumtakia maradhi. Mwishowe wanyama wakimwona, kimya. Hakuna aliyempa habari yoyote, njema wala mbaya.

Ikawa siku moja wanyama wakamtaja Mzee Pimbi awe mkuu. Kabla hajajibu, homa ikamshika. Ilimshika Jumatatu, na Jumatano alfajiri Mola akamchukua. Alizikwa siku ile ile, adhuhuri, hatua ishirini kutoka kwenye chemchemi. Bonde lote lilikwenda mazikoni. Kiboko hakwenda, maana mchana hatoki majini. Nyani hakwenda, maana alikuwa juu ya migomba anakula. Na nani angemwambia, yeye au Kiboko wake?

Bi Mize akakaa eda ya mumewe, miezi minne na siku kumi. Alivaa nguo nyeupe, akatundika pazia mlangoni, hatoki. Kila alfajiri, akimaliza kuswali, alidondosha kokoto moja chunguni, tok, ili asipotelewe na hesabu. Kisha alilia. Akichoka kulia alivuta uradi, na akimaliza uradi alilia tena. Wanyama waliokuja kuchota walipita taratibu, wasimsumbue. Hofu yake ilikuwa moja: Kiboko akiipata chemchemi, atapita juu ya kaburi kila siku kwa miguu yake ile.

Siku ya kokoto ya ishirini na tano, Jumapili, akasikia jiwe likigongwa. Ko, ko, ko. Nyani huyo, na hati mkononi. Akaisoma kwa sauti mbele ya pazia. Mzee Pimbi anashtakiwa kwa kumtukana Kiboko hadharani. Akishindwa atahama, na pango na chemchemi vitakuwa vya Kiboko.

Bi Mize alifungua mdomo aseme kwamba huyo unayemshtaki tumemzika. Akaufunga. Akamtaja Mola wake, akafikiri pole pole. Akilisema hilo sasa, Nyani ataichana hati, na kesho atakuja na nyingine yenye jina la mjane.

"Wakili," akaita, "ulimsikia mwenyewe akitukana?"

"Niliambiwa, mama."

"Alhamdulillahi. Basi nimepona. Kesi ya kuambiwa haimhamishi mtu. Nilidhani yuko aliyemwona kwa macho yake. Hapo ningefunga mizigo, nisimchoshe hakimu bure."

Nyani akajikuna kidevu, kwara, kwara. Safari hii Kiboko alikuwa amemwahidi shamba zima la migomba.

"Kwa kweli, mama, na mimi nilikuwapo."

"Labda kwa mbali."

"Karibu kabisa."

"Labda zamani, umesahau."

"Juzi, Ijumaa."

"Labda hukumtambua."

"Tumeshikana mikono."

"Haya," akasema Bi Mize. "Kayaseme hayo hayo mbele ya hakimu. Ila mimi sitoki nje. Mwambie baraza lije hapa mlangoni."

Nyani akakubali kwa furaha. Alidhani Mzee Pimbi yumo humo ndani, amejificha uvunguni. Akashuka jabali anaruka, puu, puu, puu.

Jumatano baraza likaja, maana hakimu alijua kwamba mwenye eda hatolewi nyumbani. Wanyama wakaja wote. Hata Kiboko alijitahidi, akaja na tope lake mgongoni. Hakimu Kulungu akaisoma hati, akalifikia jina la mshtakiwa, akasita. Alipotaka kusema, sauti ya Bi Mize ikatoka nyuma ya pazia, ikimwomba kwa heshima wakili aapishwe kwanza. Hakimu akalitazama lile pazia kwa muda mrefu. Tabia za Nyani alizijua kwa miaka mingi. Akakaa kitako.

Nyani akaapishwa.

"Umeambiwa au umeona?" akauliza hakimu.

"Nimeona."

"Lini?"

"Ijumaa iliyopita, baada ya adhuhuri."

"Alikuwa katika hali gani?"

"Mzima. Tena amenenepa."

Huko nyuma Nungunungu akapaliwa na mate.

"Akasema nini?"

"Alimtukana Kiboko matusi ambayo siwezi kuyarudia. Kisha akanishika mkono, akaniambia, Wakili, karibu nyumbani."

Pazia likasogea kidogo. Mkono wenye nguo nyeupe ukasukuma chungu mpaka nje, na Kobe akaombwa akimimine. Tok, tok, tok, mpaka kokoto ishirini na nane.

"Mheshimiwa," akasema Bi Mize, "hizi ndizo siku za eda yangu."

Nyani akazitazama kokoto. Akautazama mkono mweupe ukirudi ndani. Akamgeukia Kiboko, na Kiboko akageukia mtoni.

"Niliambiwa," akasema Nyani, kwa sauti ndogo.

"Na nani?" akauliza hakimu.

Nyani akawatazama wanyama mmoja mmoja. Hapakuwa na hata mmoja aliyewahi kumwambia kitu.

"Jeneza la Mzee Pimbi nilishika mbele, upande wa kulia," akasema Hakimu Kulungu. "Wewe ulikuwa wapi, Wakili?"

Joho likavuliwa pale pale. Kesi ya Kobe ikafutwa, na ya Korongo, na ya Nungunungu. Kiboko akafunguliwa kesi ya kutuma kesi za uongo, na kwa kuwa mwenye kesi hachaguliwi, akarudi majini akiguna hoo, hoo, hoo.

Mkuu hakuchaguliwa upesi. Walingoja. Kokoto ya mwisho ilipodondoka, tok, Bi Mize akatoka. Alikwenda kwanza kaburini, akasoma fatiha, akaondoa jani kavu. Alipoinuka akawakuta wanyama wote wamesimama na vibuyu vyao, wakamwambia kwamba mkuu wa bonde ni yeye. Akalia kidogo, akakubali, akaanza kuwachotea.

Mwisho wa mstari alisimama Nyani. Bila joho alionekana mdogo. Hakuna aliyesema naye.

"Habari za asubuhi, Nyani," akasema Bi Mize.

Nyani akakishusha kibuyu chake chini. "Njema, mama. Na pole kwa msiba."

"Tumeshapoa. Umechelewa, lakini umefika. Lete kibuyu."

Tiri, tiri, tiri.

Basi, wasikilizaji, funzo mmelipata? Funzo ni hili: mwenye nia ya kuapa uongo asikose mazishi hata moja. Aende, abebe jeneza, atie udongo, ajue nani yu hai.

— Hilo silo funzo.

Ndilo nililoambiwa.

— Uliambiwa au uliona?

Niliambiwa. Nami natoka, msije mkaniapisha.

— Toka salama. Pazia tunalishusha.