Kibaba cha Baba na Mwana

Hapo zamani, katika mji mmoja wa pwani, aliishi hamali jina lake Vuai, maskini kiasi kwamba panya wa nyumbani kwake walikuwa wakila kwa jirani. Alikuwa na binti wa miaka tisa, Mize, aliyetamani sana kujifunza usonara. Basi Vuai akampeleka karakana ya Sultani.

Waziri akawazuia mlangoni. Hakuwa mtu mbaya, ila alipenda kila jambo linyooke. "Anachochuma baba ndicho atakachochuma mtoto," akasema. "Mtoto wa fukara hafundishwi. Ni hasara."

Vuai akaenda kumlilia Sultani, naye alikuwa amejilaza barazani, shavu limemvimba kwa jino. Sultani akamtupia kibaba cha kupimia nafaka.

"Pima alichochuma baba na alichochuma mtoto, leo hii, mbele yangu. Mtoto akimpita baba, binti yako ataingia. La sivyo, usinisumbue tena."

"Baba yeyote, bwana wangu?"

"Yeyote! Haya, upesi!"

Basi Vuai akapiga magoti. "Bwana wangu, leo umechuma nini?"

"Nichume nini nami nimelala na jino tangu alfajiri?"

Vuai akakipindua kibaba juu ya mkeka, isidondoke hata chembe. "Baba, patupu." Akamgeukia mwana wa Sultani, mtoto wa miaka sita aliyekuwa akicheza kando. "Nawe, bwana mdogo?"

"Nimemkuna bibi mgongo, kanipa njugu."

Zikamiminwa, ikawa nusu kibaba.

"Nyingine nimekula," akasema mtoto.

Vuai akamwinamia mtoto mpaka chini. "Mwana kampita baba! Ila kwa kanuni ya Waziri, huyu ni mtoto wa asiye na kitu. Mwalimu wake na afungashe leo."

Sultani akakurupuka alipolala. "Mwehu wee! Wanipima siku moja, tena ya maradhi? Na huyu bado mtoto! Mfundishe kwanza, ngoja afike miaka arobaini, ndipo umpime!"

"Nami, bwana wangu, sikuja kuomba zaidi ya hilo."

Sultani akacheka huku akilia kwa maumivu, akaamuru Mize aingie karakana siku ileile, naye Waziri ampime kila jioni mpaka atimize miaka arobaini.

Ikawa jioni ya kwanza Waziri akafika na kibaba chake.

"Haya, binti. Leo umechuma nini?"

"Nimekaripiwa na fundi mara nne, babu," akajibu Mize. "Kinga nikumiminie."