Mfalme Yuko Mlangoni Pako

Hadithi nawapeni, lakini mnisamehe mapema: naisimulia vibaya, na aliyenifundisha aliisimulia vibaya zaidi.

Hapo kale Sefania, mzee wa kanisa, aliota Zimwi Mauti likimnolea meno. Akafunga mlango wake, akashika njia ya kwenda kwa Mfalme wa Mlimani, maana anayepokelewa na Mfalme yule haliwi na zimwi.

Mto ukamwambia, "Rudi nyumbani, baba."

"Shindwa!" akafoka. "Pepo mchafu, unizuie mimi?"

Kunguru akamwambia, "Rudi nyumbani, baba."

"Shindwa, wewe na manyoya yako!"

Jiwe likamsihi, "Rudi nyumbani, baba, utachelewa."

"Shindwa!" Akalipiga teke, akaendelea akichechemea.

Langoni kwa Mfalme akapiga hodi mara tatu. Kimya.

"Adabu gani hii?" akanguruma. "Nimekesha, nimetubu, nimeimba kwaya mpaka koo limekauka, leo naachwa nje kama mbuzi!"

Bibi mlinda lango akachungulia. "Pole, baba. Mfalme mwenyewe amekwenda kwako kukuokoa. Sasa hivi yuko mlangoni pako, anapiga hodi."

Sefania akatimua mbio, Zimwi likimfuata unyounyo. Akamkuta Mfalme kizingitini, amelowa mvua chapachapa.

"Lo! Mjinga gani amemfungia Mfalme nje?"

Mfalme akamtazama, akanyoosha mkono kuomba ufunguo.

Sefania akautoa mfukoni polepole. "Bwana, mjinga mwenyewe ndiye huyu anayepiga kelele. Ingia naye upesi, kabla hajakukemea na wewe!"