Sikudhani Pimbi Atafuta Jiwe la Kuhamia

Hapo zamani za kale, kale ile ambayo wanyama walikuwa na nyumba, majirani na madalali kama sisi, aliishi pimbi mmoja jina lake Sikudhani. Pimbi mnamjua? Yule mnyama wa mawe, mdogo, mnene, hana mkia, anayepanda jabali lililosimama wima kama wewe unavyopanda kitanda. Unacheka nini, wewe? Mpera wa hapo nje tu umekushinda jana, watu tumekuona.

Haya. Sikudhani alikuwa na watoto watatu: Zuwena, Machano na kitinda mimba Kidawa. Na alikuwa na wasiwasi, jamani! Akila, anatazama juu. Akikaa, anahesabu watoto: mmoja, wawili, watatu. Akigeuka kidogo, anahesabu upya. Majirani walimcheka sana. Walikuwa wamesahau kwamba mumewe alibebwa na tai, mchana kweupe, mlangoni pake, kwa sababu mlango ule Sikudhani mwenyewe aliupenda kwa kuwa mpana na wenye hewa nzuri.

Basi asubuhi moja, vuuuuum! Nyuki wakahamia kwenye nyumba yake. Si mmoja, si kumi, kundi zima, tena wamekuja na malkia wao. Sikudhani akatoka mbio na wanawe, pua imemvimba, akasimama chini ya jiwe lake anatetemeka.

"Masikini mimi! Watoto hawa nitawaweka wapi?"

Alikuwa na haki ya kutetemeka. Pimbi akiwa juu ya jiwe, humpati. Pimbi akiwa chini, kwenye nyasi, hana mbio wala meno ya kutisha mtu. Ilibidi apate jiwe jingine kabla jua halijawa kali na tai hawajaanza kuzunguka.

"Hodi, hodi! Shemeji, nasikia umepata msiba wa nyuki!"

Alikuwa Fisi. Siku hizo Fisi alikuwa dalali wa nyumba, na mdomo wake haukujua kupumzika.

Sikudhani akawasukuma watoto nyuma yake. "Karibu, kaka Fisi. Lakini usisogee zaidi ya hapo."

"Aaa, shemeji, mimi tena? Mimi nakutafutia makazi tu. Ninayo mawe mazuri, yana jua la asubuhi, majirani wastaarabu, hakuna kelele. Twende ukaangalie."

"Na ujira wako?"

"Bure! Kwa ajili ya marehemu."

Bure! Dalali gani anafanya kazi bure? Sikudhani alitaka kukataa. Lakini akatazama juu, akaona kidoa cheusi mbali angani. Akawatazama watoto. Mmoja, wawili, watatu.

"Tangulia wewe, kaka. Sisi tunakufuata kwa nyuma. Mbali kidogo."

Jiwe la kwanza lilikuwa kando ya mto, bapa, limetulia. Sikudhani alilipanda mara moja, tap-tap-tap, akashuka.

"Hili si jiwe, kaka, hili ni mkeka. Kenge anafika bila kuhema."

"Shemeji, unachagua sana."

"Ninachagua, ndiyo. Anayekaa humo ni mimi."

Fisi akameza mate, gulp. Kidawa akaisikia ile gulp, akamshika mama yake ubavuni.

Wakaenda mpaka kwenye jabali kubwa, refu, jeusi. Upande wake mmoja ulisimama wima mpaka shingo inauma kulitazama. Chini kabisa, kimo cha mbuzi, palikuwa na mwanya mpana, mzuri, una kivuli. Na pembeni ya mwanya, ukutani, kulikuwa na mchirizi mweupe, pe!

"Umeona?" Fisi akasema kwa madaha. "Umeona ukuta huo?"

Sasa nisikilizeni vizuri hapa, na ole wake atakayeziba pua. Pimbi wana desturi. Ukoo mzima hujisaidia mahali pamoja, ukutani, miaka na miaka, babu mpaka mjukuu. Mkojo unakauka, unaacha mchirizi mweupe unaoonekana toka mbali. Pimbi anayetafuta nyumba akiuona mchirizi huo, moyo wake unatulia. Anajua hapa watu wamekaa, wamezaa, wamezeeka, hawakuliwa.

"Mama, mweupe!" Zuwena akashangilia. "Tumepata!"

Sikudhani naye moyo ulimruka kwa furaha. Akasogea. Akaugusa ule weupe kwa kidole.

Ukabaki kidoleni.

Akashangaa. Mchirizi wa pimbi ni mgumu, umegandamana na jiwe, huukwangui hata kwa kucha. Huu ulikuwa unga. Akakinusa kile kidole. Hakikunuka pimbi. Kilinuka mfupa.

Na nani hapa porini, wanangu, anakula mifupa mpaka kinyesi chake kinatoka cheupe kama chokaa? Eeeh! Mmeshajua. Fisi alikuwa amepaka chokaa yake mwenyewe ukutani!

Sikudhani alitaka kupiga kelele, akajizuia. Fisi alikuwa amesimama hatua tano tu, na watoto walikuwa katikati yao. Akipiga kelele, watoto watatawanyika kwenye nyasi, na kwenye nyasi Fisi angewaokota mmoja mmoja.

"Nyumba nzuri," akasema.

"Si nilikwambia! Haya, shemeji, ingieni. Ingieni kinyumenyume, kama mnavyofanya nyinyi."

Sikudhani akatulia tuli. Ni kweli, pimbi huingia nyumba mpya kinyumenyume, makalio yakitangulia, ili macho yabaki nje kuangalia tai. Lakini Fisi kayajuaje hayo? Na kwa nini anayataka sana? Akategesha sikio kwenye mwanya.

Hhhh. Hhhh.

Mtu anapumua! Mtu mkubwa. Na harufu yake ilikuwa ya paka, lakini paka wa ukubwa wa kutisha. Humo ndani alikuwamo Chui, mdomo wazi, anasubiri mlango uwe giza ang'ate makalio ya kwanza yatakayoingia.

"Ewe Mola," Sikudhani akanong'ona. "Mbele Chui, nyuma Fisi, juu tai. Nikikosea hapa, nawapoteza wote watatu."

"Unasema?" Fisi akauliza.

"Nasema, kaka, nyumba nimeipenda mno. Sasa kimebaki kitu kimoja." Akavuta pumzi. "Kwetu, mama haingii nyumba mpya kabla ya baba. Baba anatangulia kinyumenyume, anakaa kidogo, anatoka, ndipo sisi tunaingia wote kwa mpigo, mimi na watoto wangu wote. Marehemu hayupo. Wewe ndiye uliyetuleta. Simama mahali pake."

"Mimi?" Fisi akarudi hatua moja. "Aaa, hapana, shemeji, mimi makalio yangu makubwa..."

"Basi haidhuru. Kuna Mbweha, naye ni dalali. Wanangu, twendeni kwa mjomba Mbweha."

"Ngoja! Ngoja kwanza!"

Fisi akajikuna. Akili yake ilikuwa inazunguka. Akimrukia huyu mama sasa hivi, atapata mmoja, wengine watakimbilia juu. Lakini wakiingia wote kwa mpigo! Wawili wa Chui, wawili wake, na tayari alikuwa ameshachagua anayeanza naye. Akajiambia, nitaingia, nitamnong'oneza Chui kwamba ni mimi, kisha nitatoka. Kuna shida gani?

"Nimekubali, shemeji. Kwa ajili ya marehemu."

"Mungu akuzidishie. Wanangu, baba anaingia nyumbani! Vigelegele!"

Kama hujawahi kusikia pimbi akipiga kelele, shukuru. Watatu wale wakaachia makoo: "Kriiiiii-kri-kri-kri! Kriiiiii!" Mama yao akapiga makofi, pa-pa-pa! Jabali lote likaitikia.

Fisi akageuka, akaanza kurudi kinyumenyume, akinong'ona kwa pembe ya mdomo, "Chui, ni mimi. Using'ate. We Chui, ni mi..."

"Kriiiiii-kri-kri!"

Nani angesikia? Mlango ukawa giza.

GWAP!

"Uuuuuwiiiii! Mama yangu! Chui, ni mimi! Achia! Ni mimi dalali!"

"Mmmh mmmh mmm!" Chui akajibu toka ndani, kwani mdomo ulikuwa umejaa.

"Juu!" Sikudhani akapaza sauti. "Wanangu, juu! Msitazame nyuma!"

Tap-tap-tap-tap! Zuwena huyo, Machano huyo, ukutani pale paliposimama wima. Sikudhani akahesabu. Mmoja. Wawili.

Wawili!

Kidawa alikuwa bado chini. Alikuwa anapanda, anateleza, anapanda, anateleza. Amekanyaga vumbi njia nzima, nyayo zake zimekauka, na nyayo za pimbi zikikauka hazishiki jiwe. Zinashika zikiwa na jasho.

Na kule chini Fisi alitupwa nje, puu! Chui naye akatoka, manyoya ya Fisi yamemjaa mdomoni, hasira zimempanda. Akamtazama Fisi. Akamwona Kidawa.

"Mama, naanguka!"

Sikudhani akashuka nusu ya ukuta. Miaka yote alikuwa akimwambia mtoto huyu usiogope, mama yupo. Sasa akapiga kelele kwa sauti yote aliyokuwa nayo.

"Kidawa! Mtazame Chui! Ogopa, mwanangu! Ogopa sana!"

Kidawa akageuka, akaona macho mawili ya manjano na ulimi mwekundu. Woga ukamshika toka utosini mpaka vidoleni. Jasho likamtoka kwenye nyayo, chwiii! Nyayo zikanata. Akapanda ule ukuta, tap-tap-tap-tap-tap, akampita mama yake, akawapita hata kaka na dada yake!

Chui akaruka. Kwaruuuu! Kucha zake zikakwangua jiwe lililo kavu na laini. Akateleza, akaruka tena, na safari hii akapata mahali pa kushika. Akaanza kupanda kweli, polepole, akikoroma.

"Anakuja, mama!" Machano akalia. "Tuingie wapi?"

Sikudhani akatazama huku na huku. Kulia palikuwa na pango, safi, pana, lina hata ukingo wa kuotea jua. Kushoto palikuwa na ufa mmoja wa ovyo, mwembamba, umepinda, upepo unapiga ndani yake fyuuu, fyuuu.

"Kule, mama! Pangoni!"

Sikudhani akachomeka kichwa chake kwenye ule ufa wa ovyo. Kikabana. Akasukuma. Kikapita.

"Hapa," akasema. "Ingieni. Kinyumenyume, na haraka!"

Wakajibanza mmoja mmoja, yeye wa mwisho. Hapo hapo mkono wa Chui ukaingia. Ukaingia mpaka kwenye kifundo, ukakwama. Kucha zilikuwa kama vidole vinne vya mkono wako mbele ya pua ya Sikudhani, zinafumba na kufumbua, kraa, kraa. Sikudhani hakuweza kurudi nyuma tena, maana nyuma kulikuwa na wanawe. Akafumba macho, akasubiri.

Mkono ukavutwa. Wakasikia Chui akishuka, kisha sauti yake chini, ya upole, upole ule mbaya.

"Dalali. Hebu njoo tuzungumze."

Wakasikia na Fisi anavyokimbia, kwa miguu mitatu.

Sikudhani akahesabu gizani, kwa kugusa. Mmoja, wawili, watatu. Akahesabu tena. Ndipo akaanza kulia.

"Lakini mama," Machano akalalamika, amebanwa na jiwe mbele na nyuma, "nyumba gani hii? Upepo mtupu! Hakuna hata pa kujinyoosha!"

"Hakuna, baba," Sikudhani akamjibu, akijifuta machozi. "Na Chui naye hakupata pa kujinyoosha."

Mpaka leo pimbi wanakaa kwenye nyufa zilizobana namna hiyo, na hakuna aliyewahi kuwasikia wakiomba dirisha. Nanyi mkikua mkatafuta pa kuishi, chunguzeni kwanza anayewasifia nyumba, kisha ndipo muiangalie nyumba yenyewe.