Kisima cha Mzee Ndovu

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa bado na nyumba zao, wakifagia uani na kubandika vyungu kama mama zenu, palikuwa na kijiji kando ya mto wa mchanga. Masika mto ulijaa. Kiangazi ulibaki mchanga mtupu, na maji ilibidi yachimbwe.

Aliyechimba alikuwa Mzee Ndovu, mkuu wa kijiji. Alichimba yeye, akateka yeye, akamjazia kila mmoja chungu chake kwa mkonga wake mwenyewe. Foleni ilianzia kisimani, ikapita nyumba ya Nyani, ikapotelea vichakani. Huku akiteka, huyu amemletea kesi ya mpaka wa shamba, yule anataka mtoto wake aombewe, naye anawajibu wote na maji yanamwagika. Chakula alichopikiwa na mkewe kilipoa mpaka kikaota utando.

Mkewe alimwambia mara nyingi awaachie wenzake wateke. Hakutaka. Alipokuwa mdogo alimwona babu wa Nyati akikanyaga ukingo wa kisima, mchanga wote ukaporomoka, whuuu, na kijiji kikalala na kiu. Tangu siku hiyo alisema kisima ni cha kuguswa na mkonga mmoja tu. Kila alfajiri alipopiga magoti, ombi lake lilikuwa lile lile: Mola wangu, niongezee nguvu.

Sasa, siku moja mtoto wa Swala akaanguka kwenye foleni. Pu! Midomo imemkauka kama gome la mti. Mzee Ndovu aliacha kila kitu akaenda kumnyunyizia maji. Mtoto akafumbua macho, lakini kusimama hakuweza. Mama yake, bila kumtazama mkuu usoni, akasema kwa sauti ndogo kwamba mwanawe akipigwa na jua hilo kesho tena, hatamrudisha nyumbani akiwa hai.

Jioni Mzee Ndovu akaenda nyuma ya jabali kubwa, akalia. Mkonga ulikuwa umechubuka kwa mchanga. Akaomba ombi lake lile lile.

"Shikamoo, mjomba," ikasema sauti juu yake.

Alikuwa Pimbi, yule mnyama mdogo asiye na mkia, aishiye kwenye nyufa za mawe. Pimbi alikuwa na tabia ya kuwaambia watu kwamba yeye na Ndovu ni ndugu wa damu, eti wasiojua watazame meno. Kijiji kizima kilicheka, na aliyecheka kuliko wote alikuwa Ndovu mwenyewe.

"Marahaba. Na mimi si mjomba wako."

"Sawa, mjomba. Nimekuonea huruma tu. Huko chini wanasema kuna kazi moja huiwezi."

Mzee Ndovu akafuta machozi. "Kazi gani?"

"Tuyaache. Umechoka."

"Pimbi. Kazi gani?"

Pimbi akajikuna ubavu bila haraka. "Kusimama juu ya jabali hili, mkonga juu, macho umefumba, tangu jua lichomoze mpaka lizame. Unamsifu Mungu moyoni. Huombi kitu, husemi neno, huinui mguu. Nyati anasema hata adhuhuri hufiki."

"Nyati? Mjukuu wa mbomoa visima?"

"Ndivyo asemavyo, mjomba."

Kijiji kile kilikuwa na desturi yake. Aliyeapa alijipaka mchanga mbichi kwenye paji la uso, na kiapo hakikuvunjwa mpaka muda wake utimie, awe mkuu, awe nani. Mzee Ndovu, kwa hasira, akazamisha mkonga kwenye mchanga, akajipaka, akaapa kwa jina la Muumba kwamba kesho atasimama.

Mchanga ulipoanza kukauka na kumkaza usoni, ndipo alipomkumbuka mtoto wa Swala. Kesho nani atateka? Alipogeuka, Pimbi hayupo.

Jua likamkuta juu ya jabali, mkonga hewani, macho amefumba. Akasikia foleni ikijipanga. Wakamwita. Wakamwita tena. Wengine wakanong'ona kwamba mzee amepatwa na wazimu, na mama mmoja akaanza kulia. Masikio yake makubwa yalileta kila kitu, hata asichotaka kusikia.

Kisha sauti ya Pimbi: "Mzee yuko kwenye kiapo. Ngiri, wewe si kila siku unafukua bustani za watu? Njoo ufukue hapa."

Watu wakacheka, na Ngiri akacheka pia. Halafu krrr, krrr, meno yake yakaingia mchangani. Nyani akaita jamaa zake, wakashuka wameshikana, mabuyu yakipita mkono kwa mkono.

Kisha Mzee Ndovu akasikia kile alichokiogopa maisha yake yote. Ndi, ndi, ndi. Kwato za Nyati, zinakwenda kisimani.

Mchanga ukaanza kutiririka, sss, kama siku ile ya utoto wake. Mguu wa mbele ukaanza kujiinua wenyewe. Ashuke, apige kelele, awafukuze wote! Lakini alikuwa ameapa, na Muumba aliyetajwa kwenye kiapo si wa kuchezewa. Akaurudisha mguu. Hata kuomba hakuruhusiwa. Kilichobaki ni sifa tu. Umetukuka, akasema moyoni, akingoja kusikia kilio.

Akasikia Nyati akizungumza, taratibu. "Mchanga huu naujua unavyoanguka. Kwetu tumeambiwa habari hiyo tangu tuko tumboni." Kisha ule mwili mzito ukalala kwa ubavu, polepole, kandokando ya ukingo. "Tekeni. Mgongo wangu ndio ukuta."

Ile sss ikakoma.

Ndipo maji yakasikika. Chubwi. Chubwi. Chungu kinajaa, kinapokelewa, kingine kinakuja. Na katikati ya sauti zote hizo, ulimi mdogo unalamba, na Swala anasema, "Polepole, mwanangu. Yapo."

Machozi yakapenya kope za Mzee Ndovu. Alikuwa ameteka maji umri wake wote na hakuwahi kuyasikia. Nywele zikamsimama mgongoni. Aliona, akiwa amefumba macho, kana kwamba Mungu mwenyewe anapita pale chini kwa miguu ya wengi, na yeye mkubwa wa kijiji amekuwa mdogo kama punje ya mchanga, na udogo ule ni mtamu. Kabla jua halijafika utosini, foleni ilikuwa imekwisha. Aliendelea kusimama. Hakusikia tena uzito wa mkonga.

Jua lilipozama Pimbi akamgusa mguu. Mzee Ndovu akafumbua macho. Moshi ulipanda kutoka kila nyumba. Nyati alikuwa bado amelala pale pale ukingoni, anakoroma, na watoto wanateleza mgongoni mwake, wa Swala akiwemo.

"Nyati alisema kweli maneno yale?"

"Nyati hakusema kitu, mjomba. Niliyatunga mimi. Unisamehe."

Watu waliokusanyika chini ya jabali wakajikunyata, wakijua mkonga ule ukishuka kwa hasira Pimbi atakuwa unga. Mzee Ndovu akashuka kwenye jabali mpaka kisimani. Akamwamsha Nyati, akainamisha kichwa mbele yake, akamwomba amwoshe kiapo usoni. Nyati akamwosha.

"Kosa ni langu," Mzee Ndovu akasema, maji yakimchuruzika. "Kila alfajiri nilimwomba Mungu nguvu. Alishanijibu zamani. Jibu lake nikalipanga foleni, nikaliacha lipigwe jua."

Hakuna aliyecheka. Tangu siku hiyo alibaki na sala ya alfajiri na zile kesi zilizowashinda wengine, na chakula chake alikila kingali moto.

Lakini jioni ile, kabla hajaenda kula, alimwita Pimbi, akamwambia afungue kinywa. Pimbi akafungua. Mzee Ndovu akayatazama yale meno mawili madogo ya mbele, yaliyochongoka kama pembe zake mwenyewe, kwa muda mrefu.

"Ni kweli," akasema. "Ni ya kwetu."

Hadithi yangu naituliza hapo, nanyi mkalale nayo: ukipewa kuongoza, wape wenzako kazi zao, kwa maana Mungu hakumpa mtu mmoja mikono yote.