Kamera Isiyokata Pembeni

Hebu wekeni hivyo vitenge chini kidogo. Tumevishika mpaka vitachuja kabla havijashonwa. Zamu ya neno leo ni yangu, na mnanijua, mimi sina maandiko mengi kichwani, nina mdomo. Basi nawapa mfano. Na msianze kunong'onezana huyu ni mtoto wa nani, maana nawajua nyie. Si mtoto wa mtu. Nimemtunga asubuhi nikichambua mchicha.

Palikuwa na kijana mmoja mpiga picha. Anapiga kipaimara, anapiga harusi, anapiga mpaka misiba, lakini kamera ni ya kuazima. Siku moja Mungu akamjalia, akapata hela ya kununulia ya kwake. Mngedhani ataenda dukani, atanunua, atarudi. Thubutu. Kumbe kamera za kazi ziko aina mbili, na hapo ndipo mtoto wa watu alipopotea.

Moja inaitwa fulu fremu. Nyingine wanaiita kropu. Tofauti iko ndani, kwenye kile kidude kinachodaka mwanga. Kwenye fulu fremu ni kikubwa, kwenye kropu ni kidogo. Ukisimama hapo mlangoni na fulu fremu, unatupata wote, kuanzia mwenyekiti mpaka yule anayesinzia kule karibu na kabati. Ndiyo, wewe, nakuona. Ukisimama palepale na kropu, kwa lenzi ileile, unapata watu wa katikati tu. Wa pembeni inawakata, kama mtu amevuta pazia huku na huku. Ila na yenyewe ina uzuri wake. Ni nyepesi, bei yake ina huruma, na ndege akiwa juu ya mti kule inakuletea kama yuko mkononi.

Haya, sasa si uchague? Unapiga ndege wewe, au unapiga maharusi? Lakini wapi. Leo anaamka fulu fremu, kesho kropu. Anaingia kwenye simu kuuliza wenzake, wenzake wanagombana humohumo kama wake wenza. Anaenda dukani, anaishika hii, anaishika ile, anaziomba radhi zote mbili, anarudi mikono mitupu. Muuza duka akimwona anakuja anajifanya anahesabu betri.

Na huyu kijana alikuwa anakaa na mama yake, mjane, mama wa watu mpole. Kila wakinywa chai ni kamera. Mama anaitikia tu, "Ehee, baba. Ehee." Hajui hata nusu ya anayoambiwa, lakini mtoto ukimzaa utamsikiliza, utafanyaje?

Sasa sikieni vizuri. Mama akaanza kumimina chai nje ya kikombe. Akaanza kujigonga bega kwenye mlango, mlango anaouingia tangu ni bibi harusi. Akawa anakanyaga bakuli la kuku. Kijana anapangusa meza, anaendelea kusimulia kamera. Mpaka siku moja mama akaamua kusema.

"Baba, macho yangu siyaelewi. Hapa katikati naona, ila pembeni kama pamekatwa."

Ningekuwa mimi ndiye jirani yao ningeruka ua. Nyie mngefanyaje, mzazi wako akikwambia hivyo? Mnajua yeye alifanya nini? Alijipiga paja kwa kicheko. Akamwambia, "Mama, umeielezea vizuri kuliko wote. Hiyo ndiyo kropu hasa. Una macho ya kropu." Akashika simu akawaandikia wenzake kwamba hata mama yangu ameelewa, na sasa nimeamua, nachukua fulu fremu.

Mama naye akacheka. Akamalizia chai yake. Hakusema tena.

Subirini.

Ikafika Desemba, ile watoto wote wanapanda nyumbani na wake zao na waume zao na maboksi ya mikate. Kijana ana fulu fremu yake mpya, imemning'inia kifuani kama msalaba wa askofu. Akasema leo nawapiga picha ya ukoo ambayo haijawahi kutokea. Akamkalisha mama kwenye kiti katikati ya uwanja. Watoto wakasimama huku na huku, wajukuu wakafuata, mstari ukaenda mpaka kwenye migomba. Alimpanga kila mtu, akawavuta kola, akawafuta pua wa kufutwa. Akapiga. Akashuka mjini kuisafisha kubwa, akaitia fremu ya kioo, akaja kumkabidhi mama mbele ya wote. Wale wa mjini walikuwa hawajaondoka bado.

Mama akaishika kwa mikono miwili. Akaitazama. Akasema taratibu:

"Nzuri sana, baba. Ila mbona umenipiga peke yangu?"

Watu wakacheka, wakajua mama anatania. Kijana akamwambia wote wamo, hajakatwa hata mmoja, mpaka yule wa kwenye migomba yumo na viatu vyake. Mama akaisogeza ile picha kushoto. Akaisogeza kulia. Akainamisha kichwa kama kuku anayetafuta punje, anapita juu ya uso mmoja mmoja. "Aa, huyu hapa. Na huyu. Kumbe mpo."

Kicheko kikaisha.

Kijana akapiga magoti pale mbele ya kiti. "Mama, tangu lini?"

"Tangu siku ile uliponiambia macho yangu ni kropu."

Kesho yake walimpeleka hospitali. Daktari akawaambia ni presha ya macho, inakula kuanzia pembeni inakuja katikati, tena haiumi, ndiyo ubaya wake. Kilichokwenda hakirudi. Kilichobaki watakilinda kwa dawa ya matone, asubuhi na jioni, maisha yote. Akauliza hakuna aliyeona dalili mapema? Nyumba ya mpiga picha hiyo. Mtu kazi yake ni kutazama.

Sasa msimlaumu sana. Nimewaona, mmeanza kutikisa vichwa, "Kijana huyu, kijana huyu." Ile fulu fremu haikuwa na kosa. Na kropu nayo angeinunua siku ya kwanza, isingekuwa na kosa. Kosa ni kwamba alikuwa anatafuta jicho la dukani lisilokata watu wa pembeni, na lake mwenyewe limeshamkata mama yake, na mama amekaa naye meza moja.

Na sisi je? Sisi ndugu zangu, mimi nimechoka. Nimechoka kweli. Hii sare ya wanawake tumeikalia vikao mpaka viti vinatujua. Cha maua, hapana, cha maua kinazeesha. Cha mistari, hapana, mistari inanenepesha. Mama mmoja hapa amenuna mwezi mzima kwa ajili ya rangi ya zambarau. Tunataka siku ya sikukuu tukisimama mbele ya kanisa tuonekane wote, mtu asipungue.

Haya, tazameni lile benchi la pembeni, karibu na mlango. Anakaa nani pale? Semeni tu. Mama Tumsifu. Ambaye anakujaga mapema anafagia, mnakuta kumeshakuwa safi mnadhani ni malaika. Ameonekana lini mara ya mwisho? Anaumwa? Amesafiri? Ana chakula? Nani amempigia simu?

Kwake ni wapi? Anayepajua anyooshe mkono.

Nasubiri.

Haya. Vitenge viacheni hapohapo, haviendi kokote. Chukueni mitandio, tunaondoka sasa hivi wote. Njia tutaulizia.